Heshima ya Mfanyabiashara ni Amana

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na masahaba zake, yafaa mkutano huu uzungumziwe jambo ambalo kila mkaazi wa Musaga hukutana nalo kila kukicha, nalo ni imani baina ya muuzaji na mnunuzi.

Ndugu Waislamu, duka dogo la mtaani halina tangazo la redio wala msemaji wa kulisifu. Mwenye duka huuza mchele, maharagwe, ndagala na mawese ya Rumonge. Na jirani yake, hatua chache mbele, huuza vitu vivyo hivyo kwa bei ile ile. Kwa nini basi mtu alipite duka moja aende la pili? Aghlabu sababu si bidhaa, bali ni neno. Mmoja akisema, "Mawese haya ni safi," mnunuzi hutoa pesa. Mwingine akisema hayo hayo, mnunuzi hufungua kizibo akanusa.

Nguvu hiyo ya neno imechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Robert Cialdini, alitoa kitabu juu ya ushawishi, akaitaja mamlaka kuwa mojawapo ya mambo sita yanayomfanya mtu akubali analoambiwa. Kabla yake, mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alianza majaribio ambamo watu wa kawaida waliamriwa wamtie mtu mwingine umeme kila alipokosa jibu. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Katika jaribio lililo mashuhuri zaidi, watu 26 kati ya 40 walitii hadi mwisho. Aliyewaamuru hakuwa na nguvu ya kuwalazimisha. Alikuwa na koti la maabara, na jina la chuo kikuu nyuma yake.

Hayo yapasa kumtia Mwislamu tahadhari, maana kanzu na kofia navyo ni mavazi yanayosema. Aitwaye Shehe au Haji akisimama dukani na kusema "Wallahi," wanunuzi wengi huacha kupima na kuuliza. Lakini heshima hiyo hakuichuma peke yake. Iliwekwa akiba na waliomtangulia kwa miaka mingi ya kusema kweli. Akiitumia kuuza mchele uliooza, atakuwa amekula amana ya watu. Wala hasara haimwishii yeye. Aliyedanganywa na kanzu moja huzitilia shaka kanzu zote, na muuzaji mwaminifu wa mtaa wa pili hulipa deni asilolikopa.

Mfano bora uko karibu. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alijulikana Makka kwa jina la Al-Amin, yaani Mwaminifu. Bibi Khadija alimkabidhi mali yake aipeleke Sham kwa biashara kwa sababu ya sifa hiyo. Jina hilo hakujiita mwenyewe. Watu walimwita, baada ya kumwona. Na imepokewa katika Hadithi kwamba alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani mna majimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akaonya kwamba mdanganyifu si miongoni mwa wafuasi wake. Tena alifundisha kwamba kiapo huitoa bidhaa upesi, lakini huondoa baraka.

Basi mwenye duka dogo ataipataje heshima ya halali? Kwanza, aijue bidhaa yake: imetoka wapi, imekaa siku ngapi, yafaa kwa pishi gani. Ajuaye huaminiwa bila kuapa. Pili, aitaje kasoro kabla ya kuulizwa. Anayesema, "Ndagala hawa ni wa wiki iliyopita, wapya watakuja kesho," amepoteza mauzo ya leo, lakini kesho neno lake litakubaliwa. Tatu, mizani yake isimame mahali pa wazi, naye akubali bidhaa ipimwe tena bila kununa. Nne, asivae elimu asiyo nayo. Anayeuza asali au habasoda asijifanye tabibu. Mgonjwa akimwamini na kuacha kwenda hospitali, hatari si ya mfuko tena, ni ya roho. Na akitaka kutaja wateja waliomsifu, wawe watu wa kweli, walioridhia kutajwa.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mji wenye wauzaji wengi, hata chema huhitaji mtu wa kukishuhudia, na ushahidi wenye uzito ni wa yule ambaye jana hakusema uongo.

Watu wa Bujumbura wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu lilipoteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote siku moja. Aliyepoteza bidhaa na ilhali ana jina jema, bado ana cha kumwonyesha mwenye ghala anapoomba mzigo kwa mkopo. Aliyekwisha lipoteza jina kabla ya moto, ataweka nini rehani?

Kwa hiyo kila mwenye duka, mwenye kibanda na mwenye kutembeza bidhaa kichwani na alinde neno lake kama alindavyo sanduku la pesa. Mwenyezi Mungu azitie baraka biashara za halali, na awajaalie wauzaji wa Musaga kuwa watu ambao majirani huwaita waaminifu wakiwa hawapo. Amin.