Tumbo Linalouma Kuliko Linavyoonekana

Leo tunazungumza juu ya tumbo, lakini si minyoo wala kuhara. Tunazungumza juu ya utumbo unaokosa damu.

Unajua jinsi maji yanavyotufikia. Yanatoka kwenye tangi, yanapita bomba kubwa, kisha mabomba madogo, mpaka kwenye koki ya mtaa wako. Bomba kubwa likiziba, ndoo zinakaa tupu hata kama tangi limejaa. Utumbo nao ni hivyo hivyo. Moyo unasukuma damu, mshipa mkubwa unaipeleka tumboni, matawi yake yanaigawa. Mshipa huo ukiziba ghafla, utumbo huanza kufa ndani ya saa chache.

Madaktari walichukua miaka mingi kulielewa jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 15, mjini Florence, Italia, daktari Antonio Benivieni aliomba ruhusa kwa familia afungue miili ya wagonjwa waliofariki, aone kilichowaua. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1507, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika habari za utumbo uliokosa damu. Katikati ya karne ya 19, Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza kwamba bonge la damu iliyoganda linaweza kutoka moyoni, likasafiri, likakwama kwenye mshipa wa mbali.

Lakini kujua ugonjwa si kuuponya. Mwaka 1895, daktari Elliot wa Boston, Marekani, aliandika juu ya mgonjwa ambaye alimkata kipande cha utumbo kilichokufa, zaidi ya mita moja, naye akapona. Hata hivyo, mwaka 1926 daktari Cokkinis wa London bado aliandika kwamba ugonjwa huu hautambuliki, matumaini hakuna, na tiba karibu haisaidii kitu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mwaka 1936, daktari Dunphy, naye wa Marekani, alipekua kumbukumbu za wagonjwa 12 waliokufa kwa utumbo kukosa damu. Akakuta kwamba 7 kati yao walikuwa wamelalamika maumivu ya tumbo kabla ya siku ile ya mwisho. Mwili ulikuwa umetoa taarifa mapema. Kumbe ugonjwa ulioitwa hautambuliki ulikuwa ukijitaja wenyewe, kwa kinywa cha mgonjwa.

Baada ya hapo hatua zikaongezeka. Mwaka 1951, daktari Klass wa Kanada alifungua mshipa na kutoa bonge la damu, badala ya kukata utumbo tu. Mgonjwa wake alifariki kwa sababu ya moyo, lakini utumbo ulikuwa umepata uhai tena. Mwaka 1958, Shaw na Maynard wa Boston walieleza jinsi ya kusafisha mshipa uliozibwa na mafuta yaliyoganda ukutani mwake.

Sasa wewe mama, wewe baba, wewe kijana, haya yanakuhusu vipi?

Kwanza, maumivu makali ya ghafla, ambayo mgonjwa anajipinda na kulia, huku ukimgusa tumbo bado ni laini. Usiseme anajifanya. Tumbo laini lenye maumivu makali ni dalili kubwa, hasa kwa mzee au mtu mwenye ugonjwa wa moyo.

Pili, mtu anayeumwa tumbo kila baada ya kula, mpaka anaogopa chakula na anakonda. Si lazima awe na vidonda vya tumbo.

Tatu, ngiri. Uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi ndani ukilala, sasa umekuwa mgumu, unauma, haurudi. Hapo utumbo umebanwa na damu haipiti. Usiusukume kwa nguvu.

Nne, mtoto mchanga anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, na choo chake kina damu. Utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya utumbo.

Ukiona dalili hizi, usisubiri asubuhi. Usimkande tumbo, usimpe dawa ya kuharisha. Mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wako, mpelekeni kituoni usiku huo huo. Ukifika, taja saa maumivu yalipoanza, na kama mgonjwa ana moyo unaodunda ovyo, presha, sukari, au anavuta sigara. Ukipewa vidonge na kurudishwa nyumbani, na maumivu hayapungui, rudi. Omba kwa heshima apimwe tena, uliza kuhusu rufaa ya hospitali kubwa. Kurudi si usumbufu.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wale 7 hawakuficha, walisema. Basi kazi yetu sisi majirani ni kusikia. Leo jioni waulize wazee walio karibu nawe: je, chakula kinakaa vizuri tumboni?