Udongo Kabla ya Mbegu

Dominika ya 15 ya Mwaka A
Injili: Mathayo 13:1-23



Injili ya leo inatuletea mpanzi aliyetoka kwenda kupanda. Mbegu zake ziliangukia njiani, penye mawe, penye miiba, na penye udongo mzuri. Tukilisikia fundisho hili, kila mmoja hujiuliza: je, mimi ni udongo wa namna gani? Swali hilo ni jema. Lakini sisi tunaoishi kwa jembe yatupasa kuongeza swali la pili: je, udongo mbaya waweza kutengenezwa?

Jibu nililipata Busisi, wilayani Sengerema, kwa mama mmoja mjane. Ulikuwa mwezi wa Julai kama sasa, mvua za vuli zingali mbali. Hakuwa na mche hata mmoja wa nyanya, na bado alikuwa bustanini tangu alfajiri. Udongo wake ni ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni: ni mwepesi kulima, lakini maji hupenya upesi na kuondoka na rutuba. Tena ulikuwa umejaa ndago.

Nikataka kumsaidia. Nikashika jembe nikaanza kuyafyeka majani. Akaniambia kwa upole, "Padre, usikate. Chimbua." Akanionyesha viazi vidogo vyeusi vya ndago, vimeungana ardhini kama shanga katika uzi. Ukikata jani, kiazi huchipua tena. Basi yeye alichimba kiasi cha sentimita 30, akavitoa na kuvianika, kwa maana jua la kiangazi huvikausha visiote tena. Halafu alichanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Kisha humwagilia tuta tupu, hungoja magugu yaliyosalia yachomoze, huyang'oa, ndipo apande.

Wapendwa, neno lile "usikate, chimbua" lilinichoma moyo. Mwaka uleule nilikuwa nimewapatanisha ndugu wawili waliogombania shamba la marehemu baba yao. Niliwaita mbele ya altare siku ya Pasaka, wakapeana mikono, waamini wakapiga vigelegele. Sikuwauliza habari za mpaka. Sikuwauliza ni maneno gani yalisemwa siku ya matanga. Kabla ya mvua kunyesha, ugomvi ulikuwa umeota upya, na watoto wao hawakusalimiana njiani. Nilikuwa nimekata majani tu.

Aliyechimbua ni katekista wa kigango. Kwa majuma mengi alikwenda jioni kwa huyu, jioni nyingine kwa yule, akasikiliza. Hatimaye wazee walipima shamba upya, na mmoja akakiri kwamba alikuwa amesogeza alama. Ndugu hao hawajala meza moja hata leo. Lakini wanasalimiana, na kiangazi hiki mmoja amemwazima mwenzake jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mbegu imepata pa kushika.

Mababu zetu katika imani waliijua kazi hii. Ng'ambo ya ghuba, huko Bukumbi, Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1883. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza kwamba mtu mzima aandaliwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa. Miaka 4! Leo mzazi hulalamika katekista akimwahirisha mtoto kwa muhula mmoja.

Tangu Juni 2025 tunavuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache, juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3, mahali ambapo zamani tulingoja kivuko. Tunamshukuru Mungu. Lakini tusidhani kwamba kila safari yaweza kufupishwa hivyo. Samadi haiozi kwa haraka yetu, wala moyo uliojeruhiwa haulainiki kwa tangazo la Misa.

Ninyi makatekista, msione haya ikiwa mwaka huu hamna mavuno ya kuonyesha. Anayechimba kiangazi hasifiwi na mtu, kwa kuwa tuta lake bado ni tupu. Mungu anamwona. Na wewe unayejiona u mwamba au njia iliyokanyagwa, usikate tamaa. Kumbuka mtunza bustani katika Injili ya Luka, aliyeuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, auchimbie pande zote na kuutilia samadi. Huyo ndiye Bwana wetu. Hakuja kupanda tu. Amekuja pia na jembe, na jembe lake huuma.

Juma hili basi, kila mmoja autafute mzizi mmoja ambao amekuwa akiukata majani mwaka hata mwaka: chuki, ulevi, deni asilotaka kulikiri. Autoe, auanike mbele ya Mungu katika Sakramenti ya Kitubio, na mbele ya yule aliyemkosea. Mvua i karibu. Mungu na aikute ardhi iliyo tayari.