Ruhusa ya Jioni

Tangu tabibu wa Ujerumani, Erich Mühe, alipoutoa mfuko wa nyongo kwa kupitia vitundu vidogo mwaka 1985, maradhi ya mawe ya nyongo, ambayo zamani yalimlazimu mgonjwa kupasuliwa tumbo na kulazwa siku kadhaa, yamekuwa, kwa wengi wenye afya njema, shughuli ya kutwa moja. Hiyo ni neema kubwa. Walakini ruhusa ya kurudi nyumbani jioni ileile yamfaa aliye jirani na hospitali, wala si mtu wa kijiji cha Kabungu aliyefuata tiba mbali, Mwanza. Huyo na alale mjini kwanza, na aonapo homa, manjano machoni au maumivu yanayozidi, arejee kwa tabibu pasi na kukawia.