Kamera Mbele ya Mashini



Siku hizi ziko kamera zinazotazama macho ya mtu wa mashini ili kupima uchovu wa akili. Kope zikifunga mno, king'ora hulia. Hatuzikatai, sisi tumeona vidole vikikatwa saa tisa za usiku. Lakini kamera huona kope tu, haioni zamu ya saa 12. Tena mtu aweza kukodoa macho na akili imelala!

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mfanya kazi haki asihukumiwe na mtambo peke yake. Basi king'ora kikilia, twataka apumzishwe, asiandikiwe barua. Na picha zitawekwa na nani, muda gani? Tumemwuliza meneja. Tungali twangoja.