Mwulizeni Mgonjwa Angali Anasema



Wapendwa wasikilizaji, popote mlipo asubuhi hii ya Dominika, na hasa ninyi wa Ibighi na Tukuyu yote, tunawaalika kutafakari jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: mgonjwa aliye karibu na mwisho wa safari yake atibiwe namna gani, na ni nani aseme.

Katika nyumba zetu, anayemtajia mgonjwa habari za kifo huambiwa analeta uchuro. Basi wote hunyamaza. Lakini Maandiko Matakatifu hayatufundishi kimya hicho. Mzee Yakobo, kule Misri, alipoona siku zake zimekaribia, aliwaita wanawe, akawabariki, akawaagiza hata pango la kumzikia. Mfalme Hezekia, katika ugonjwa wake, aliambiwa na nabii Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake. Neno hilo halikumwua. Alisali, akaongezewa miaka 15. Naye Bwana wetu, katika uchungu wa Msalaba, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda.

Tuchukue mfano wa mama mzee wa Ibighi, mwenye saratani iliyokwisha kuenea. Amelazwa Makandana, akapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbeya, na madaktari wamesema wazi kwamba hawawezi tena kumponya. Watoto wanaketi sebuleni. Wa kwanza anataka mama apelekwe Ocean Road, Dar es Salaam, hata ikibidi kuuza ng'ombe na kipande cha shamba la chai. Wa pili anasema mama apumzike nyumbani. Wa tatu anaogopa majirani watakaosema kwamba wamemwacha mama yao afe. Wanabishana hadi usiku wa manane. Na mama yumo chumba cha pili, akili zake timamu, anasikia kila neno. Hakuna aliyeinuka kwenda kumwuliza: "Mama, wewe mwenyewe unapenda nini?"

Huenda angejibu: "Nipelekeni, bado nataka kujaribu." Huenda angejibu: "Niacheni hapa nisikie sauti za wajukuu, shamba liwasomeshe." Majibu yote mawili yanastahili heshima. Lakini akikwisha kupoteza fahamu, swali hilo halitakuwa na wa kulijibu, na ndugu watabaki wakilaumiana hata baada ya matanga.

Je, Kanisa linasemaje? Tarehe 24 Novemba 1957, Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba tunawajibika kutunza uhai kwa njia za kawaida, wala hatulazimiki kutumia njia zenye mzigo uliopita kiasi. Mwaka 1980 Makao Makuu ya Kanisa yalieleza tena kwamba kifo kinapokuwa karibu na hakizuiliki, mgonjwa anaweza kwa dhamiri safi kukataa tiba ambayo ingerefusha tu siku za mateso. Anaweza hata kufikiria gharama zitakazoielemea familia yake. Yohane Paulo II mwenyewe, katika siku zake za mwisho mwaka 2005, alibaki chumbani mwake Vatikano, hakurudishwa tena hospitali, akafa tarehe 2 Aprili akiwa amezungukwa na watu wake.

Hata hivyo, wapendwa, tusijidanganye. Kukataa tiba iliyozidi mzigo ni jambo moja. Kumwua mgonjwa, au kumtelekeza kwa kuwa ni mzee na ana gharama, ni jambo jingine kabisa, nalo ni dhambi. Yule mtoto asemaye "mama abaki nyumbani" hana budi kujiuliza: je, hayo ni mapenzi ya mama, au ni mapenzi ya mfuko wangu? Abakiye nyumbani bado anadai uji na maji kadiri awezavyo kumeza, kuoshwa, kugeuzwa asipate vidonda, na dawa ya maumivu. Wenzetu wa Uganda, tangu hospisi ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993, wameonyesha kwamba mofini ya maji, inayonywewa nyumbani, huwatuliza hata maskini. Dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo cha mganga ili kuondoa maumivu, si sumu, wala kuitumia si dhambi. Waulizeni waganga wenu juu yake.

Basi tufanye nini? Mwulizeni mgonjwa angali anasema. Mwulizeni mambo matatu: angependa awe wapi, ni tiba gani anayoitaka na ipi haitaki, na ni nani aseme kwa niaba yake atakaposhindwa kusema. Yaandikeni kwenye karatasi pamoja na tarehe, mbele ya mashahidi, na mganga wake aarifiwe. Akibadili nia kesho, andikeni upya, kwa maana maneno ni yake. Asipotaka kujibu leo, msimshurutishe; rudini siku nyingine. Kadhalika mwiteni padre mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wale tu walio katika dakika ya mwisho. Msingoje hadi mgonjwa asiweze kuitikia "Amina".

Nanyi wazee wetu, msiwangoje watoto waanze, kwani wanawaogopa na wanawapenda. Waiteni kama Yakobo alivyowaita wanawe. Neno moja lenu leo litawaokoa na ugomvi wa miaka mingi.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kufa vema, atujalie ujasiri wa kuuliza na unyenyekevu wa kusikiliza. Na awabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.