Nyaraka Ni Mali: Tujifunze Kutoka Maktaba Kuu na Nyaraka za Taifa

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia za Kinondoni na Temeke)



Tunapokutana huwa tunazungumzia visima, shule za awali na vikundi vya akina mama. Leo tunaomba tuzungumzie makaratasi.

Nchi yetu ilipopata uhuru ilikuwa na mahitaji mengi: zahanati, barabara, walimu. Hata hivyo, mwaka 1963 Serikali ilianzisha Nyaraka za Taifa, na mwaka huohuo ikatunga sheria ya kuanzisha huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam. Viongozi wale waliona kwamba taifa lisilo na kumbukumbu haliwezi kupanga mambo yake.

Kazi za taasisi hizi mbili hazifanani. Maktaba hutunza vitabu na magazeti yaliyochapishwa. Nakala moja ikipotea, huenda nyingine ikapatikana kwingine. Nyaraka ni majalada, barua, ramani na mihtasari, na mara nyingi kila moja ipo peke yake. Ikiliwa na mchwa, imekwisha.

Kule Upanga, Nyaraka za Taifa zinatunza majalada ya utawala wa Wajerumani. Baadhi yalifukiwa ardhini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yakafukuliwa baadaye. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Yaliandikwa na watawala kwa faida yao wenyewe, lakini leo wanafunzi na watafiti wetu wanayatumia kuisoma historia yetu. Aandikaye jalada hajui nani atalihitaji kesho.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Mbezi?

Kwanza, ardhi. Katikati ya miaka ya 2010 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Mtu mwenye hati ya mauziano ya zamani ya kiwanja cha Kibamba ana karatasi inayotaja wilaya ambayo leo si yake. Karatasi hiyo pamoja na muhtasari wa serikali ya mtaa ndiyo ngao yake. Vivyo hivyo kwa kisima chetu: mzee akitoa eneo kwa mdomo tu, siku akifariki watoto wake wana haki ya kuuliza, nasi tutawajibu kwa kitu gani?

Pili, watu. Daftari la ubatizo au la ndoa limemsaidia mjane kudai mirathi, na kijana asiye na cheti kuonyesha umri wake.

Tatu, uaminifu. Mfadhili aliyechangia miaka kumi iliyopita akiuliza, jibu linapaswa kutoka kwenye jalada. Kumbukumbu ya katibu mmoja aliyekwisha kuhama haitoshi.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu ofisi za umma, lakini utaratibu wake twaweza kuuiga. Si kila karatasi hutunzwa milele. Tenganisheni mafungu matatu: ya kudumu, kama hati za ardhi, madaftari na mihtasari; ya miaka kadhaa, kama stakabadhi; na ya kutupwa kwa idhini ya kamati. Yawekeni juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu. Hati muhimu zitolewe nakala, na nakala zikae jengo jingine. Anayeazima jalada aandike jina na tarehe.

Kwa wafadhili wetu tunasema: kabati la chuma halipendezi kwenye picha kama kisima, lakini ndilo linalotunza uthibitisho kwamba kisima ni cha wote. Lihesabuni katika bajeti ya kila mradi.

Nanyi wanakamati, kabla ya mkutano ujao fungueni kabati zenu, mhesabu kilichopo, mwandike orodha. Mali bila daftari hupotea bila habari.