Daftari la Mtu Mmoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Nimetakiwa niseme machache juu ya daftari hili. Wenzangu wa bweni walilicheka sana wakati ule, na leo wao ndio walioniomba nililete.

Huko Marekani watoto hukusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, na wapo wanaochagua mchezaji mmoja tu, wakamfuata mpaka uzeeni. Sisi hatukuwa na kadi. Tulikuwa na gazeti la Uhuru, lililotufikia kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam, na redio ya mwalimu wa zamu. Kwa redio hiyo tulisikia kwamba tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, kijana wa Karatu, Filbert Bayi, ameshinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, nayo ni rekodi ya dunia. Alitangulia tangu bastola ilipolia. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka utepe asimpate. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Tangu siku hiyo nikitumwa maji nilikwenda mbio, nikitangulia wenzangu wote, na pumzi ikiniishia kabla ya kufika bombani.

Basi nikaanza na Bayi, kisha nikapotea. Nikabandika Simba na Yanga, Kipchoge Keino, hata Muhammad Ali. Daftari likajaa kwa muhula mmoja, na lilikuwa takataka tupu. Mwalimu wetu wa Jiografia alilipekua akauliza, "Hapa unamtafuta nani?" Nikawabandua wote isipokuwa mmoja.

Vijana, mkianza andikeni jina la gazeti na tarehe chini ya kila kipande. Mimi sikuandika, na mpaka leo nina picha tatu za Bayi nisizojua ni za mbio gani. Tena msitumie uji wa sembe kuwa gundi. Wanaowajua mchwa wa Dodoma wamekwisha elewa. Rekodi yake ya maili, Kingston, Jamaika, 17 Mei 1975, dakika 3 na sekunde 51.0, waliila yote ikabaki miguu.

Nikipendacho zaidi ni stempu hii ya shilingi moja. Mwaka 1976 posta ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa moja kwa nchi zetu tatu, ilitoa stempu za Olimpiki ya Montreal: Akii-Bua wa Uganda, Bayi wetu, na mwanandondi Muchoki wa Kenya. Watu wa riadha walikuwa wakingoja Bayi na Walker wakutane tena. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika zikasusia Michezo, zetu tatu zikiwamo. Kwa hiyo hizi ni stempu za wanamichezo watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeshindana kule. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2. Sababu ya kususia niliikubali, na naikubali hata leo. Lakini nililia, tena nililia chooni ili nisionekane.

Mwaka 1980 Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Mpaka Michezo ya Paris ya 2024 hatukuwa tumepata medali nyingine ya Olimpiki. Kurasa hizo ni nzuri. Kwa 1980 nilikwisha pata gundi ya dukani.

Sasa ukurasa wa kwanza. Kipande hiki cha Uhuru cha Februari 1974 hakikuwa changu. Nilikikata kwa wembe katika gazeti la maktaba ya shule, saa za kujisomea usiku. Kesho yake aliadhibiwa mwenzetu aliyekuwa zamu ya maktaba: viboko vinne, na wiki nzima ya kung'oa visiki. Nilimwona akiinama, nikanyamaza.

Ndugu huyo yumo humu ukumbini. Jana jioni nilimweleza. Alikaa kimya muda, kisha akauliza kama kipande chenyewe bado ninacho. Nilipompa alivaa miwani akakisoma mpaka mwisho, kwa kuwa, alisema, siku ile hakuwahi kukisoma.

Ndugu Mkuu wa Shule, ukurasa huu naurudisha maktaba mbele ya mashahidi. Naomba uwekwe mbali na mchwa.